Alama ya Maji kwenye Jiwe

Dadi wa Mbwera aendelea kukiri: sehemu ya saba

Mliniacha stesheni ya Morogoro nikiwa na kikapu kimoja, njaa, na miguu mitupu baada ya kuibiwa viatu ndani ya treni. Wapo wasomaji walioandika kunipa pole kwa viatu vile. Pole zenu ziwekeni. Leo ndiyo siku yenyewe niliyokuwa naikwepa tangu nianze kusimulia.

Kwa mgeni wa hadithi hii: mimi ni Dadi, mkata boriti wa Mbwera, kule visiwani kwenye delta ya Rufiji. Mama mkwe wangu, Bi Mwanamkuu, alinituma nikamtafute mwanawe Tamimu, mdogo wa mke wangu Mashavu. Tamimu alikwenda kukata mkonge wakati wa vita vya Hitla. Vita vikaisha, miaka miwili ikapita, hakurudi wala hakuandika. "Mlete," aliniambia mama mkwe. "Akikataa, mlete hivyo hivyo."

Kwenye shamba la mkonge nilimkuta nyapara anayemkumbuka. Akanieleza kwamba Tamimu aliacha kazi zamani, akaoa Mluguru, akahamia kwa wakwe zake. Nikamuuliza ni wapi huko. Akaninyooshea kidevu kuelekea mlimani.

Nikatazama. Nikazidi kuinua shingo mpaka kofia ikaanguka.

Kwetu hakuna mlima. Mahali pa juu kabisa nilipopata kupanda ni dungu la kulindia mpunga, na hata hapo Mashavu hunishikia ngazi. Mlima ule ulianza nyuma ya nyumba za mwisho za mji na kwenda juu wima, ukaingia mawinguni, na yule nyapara akasema nyumba ya shemeji yangu iko karibu na hayo mawingu.

Mtu wa kunipandisha nilimpata sokoni. Aliitwa Muhidini, mfupi, mikavu miguu yake, anauza ndizi asubuhi na kurudi kwake juu adhuhuri. Alipojua natoka Rufiji alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema sisi ni watani, na kwa mtani hakuna malipo, ila nimbebee chumvi yake, kwa sababu hajapata kumwona Mndengereko akifanya kazi.

Mnajua utani ulivyo. Mtani hukutukana marehemu baba yako na unacheka. Akikwambia nyumba yako inaungua, kwanza unatabasamu. Hilo lishikeni, maana ndilo lililoniponza.

Njia ile haikuzunguka hata kidogo. Ilikwenda juu moja kwa moja, udongo mwekundu, mizizi ya miti ndiyo ngazi. Muhidini alipanda akipiga soga. Mimi nilipanda kwa mikono na miguu, debe la chumvi kichwani likiniteremka machoni, na kila nikitweta aliniuliza kama pumzi nimeisahau kwetu kwenye matope. Nilipochoka nilisingizia kutazama mandhari.

Basi siku moja nikatazama kweli. Mji mzima ulikuwa chini ya nyayo zangu: reli, mabati yanayong'aa, mnara wa msikiti, na mkonge uliopandwa mistari hadi macho yanapokoma. Watu hawakuonekana. Niliogopa, na sioni haya kusema hivyo. Nilijiona nimefika mahali ambapo mtu akianguka hakuna atakayesikia.

Nisameheni, nimesema siku moja kana kwamba nilipanda mara nyingi. Nilipanda mara moja tu. Lakini nimeupanda tena na tena kitandani kwangu kwa miaka, na hesabu imenipotea.

Katikati ya njia tulikuta kijito. Kiligawanyika mikono miwili kulizunguka jiwe kubwa, kubwa kama banda, kisha kikaungana tena na kuporomoka bondeni. Maji yalifika kwenye kifundo cha mguu. Tulivuka mkono wa kwanza, tukapanda jiwe, tukashuka upande wa pili.

Pale kwenye jiwe niliona kitu kilichonifurahisha kuliko vyote tangu nitoke nyumbani. Ubavuni mwake palikuwa na mstari wa matope makavu, kimo cha nyonga.

Nielezeni ninyi wa bara mnavyojua njia zenu, nami nitawaelezea zangu. Mkata boriti husoma mizizi ya mikoko. Maji yakijaa huacha alama yake kwenye mizizi, na juu ya alama hiyo unaweza kuweka chakula, ukaweka moto, hata ukamlaza mtoto. Maji hujaa, hufika kwenye alama, hupwa. Babu yangu aliishi hivyo, nami mikoko haijapata kunidanganya hata siku moja.

Nikamwambia Muhidini kwa majivuno kwamba hata hapa naweza kuishi, kwa kuwa najua maji yake yanapokomea. Akacheka. Akasema maji ya pale hayana alama, yakitaka hulipanda jiwe lenyewe na kulioga.

Nami nikacheka. Nilidhani ni utani.

Tamimu alikuwa akilima migomba. Aliponiona aliangusha jembe, akaja mbio, akanishika miguu akalia. Hakuandika, alisema, kwa sababu alitoka nyumbani bila kumuaga mama yake, na kila mwaka alijiambia atarudi akiwa na cha kupeleka, na kila mwaka mkono ulikuwa mtupu. Sasa angalau alikuwa na mke. Jina lake Zamda, mtaratibu, ana mimba changa. Zamda mwenyewe ndiye aliyemsukuma. Alimwambia nenda ukamwone mama yako, ukapate radhi, kisha uje unichukue.

Nilikaa kwao siku mbili. Nilikula vizuri. Siku ya tatu baada ya sala ya adhuhuri tukateremka watatu, Muhidini mbele, mimi kati, Tamimu nyuma na kifurushi cha zawadi za mama.

Pale tulipokuwa palikuwa na jua. Huko juu nyuma yetu palikuwa peusi, na ngurumo zilisikika mbali. Muhidini akaacha utani, akaanza kwenda haraka. Hilo pia sikulisoma.

Tulipofika kijitoni maji yalikuwa mekundu na yalifika magotini. Muhidini alivuka mkono wa kwanza, akapanda jiwe, akateremka, akavuka wa pili akiwa amezama hadi mapajani, akatokea ng'ambo. Akageuka, akapiga kelele tumfuate upesi. Mimi na Tamimu tulikwisha kufika juu ya jiwe. Nikatazama chini, nikaona maji ya mkono wa pili yamepanda, yanakwenda kwa nguvu. Nikatazama ubavuni. Yalikuwa bado hayajafika kwenye alama.

Nikakaa kitako.

"Tungoje yapwe," nikasema.

"Shemeji, haya si maji ya Mbwera," akasema Tamimu. "Haya hayapwi. Tuvuke sasa hivi."

"Umekaa bara miaka mingapi hata unifundishe maji? Alama ile pale. Juu yake ni pakavu. Keti."

Ng'ambo, Muhidini alipaza sauti kwamba tutakufa. Nikamjibu kwa utani kwamba tukifa azike yeye, ndiyo kazi ya mtani.

Tamimu aliangalia maji, akaniangalia mimi. Mimi ni mume wa dada yake mkubwa. Nilikuwa nimetumwa na mama yake. Kwetu mkubwa akisema keti, mdogo huketi. Akaketi. Ewe msomaji, kijana yule alijua, na aliketi kwa heshima tu.

Maji yalifika kwenye alama na hayakusimama. Sikuwahi kuona jambo kama lile. Yalipita alama kama mtu anavyopita mlango ulio wazi, yakapanda, mara yakatugusa miguu juu ya jiwe. Muhidini alikuwa amekata mti mrefu, akausukuma mpaka ukatufikia. Mti ulikuwa mwembamba, wa kubeba mmoja.

"Tangulia wewe," Tamimu akasema. "Wewe unaye dada yangu."

Sikubishana naye. Laiti ningeweza kuandika hapa kwamba nilibishana naye. Niliushika mti, Muhidini akanivuta, nikameza matope, nikaguswa na majani ng'ambo. Nilipogeuka jiwe halikuwepo, wala yeye hakuwepo.

Tulimkuta chini kwenye migomba, mahali kijito kinapopinda. Kifurushi bado kilikuwa kimefungwa begani mwake. Muhidini alikimbia mjini akaleta bafta ya sanda. Mimi na yeye tulimwosha, tukamzika kwenye shamba lake mwenyewe, na Zamda akaingia eda. Nilimuahidi Zamda kwamba nitampelekea mama habari kwa kinywa changu. Muhidini hakunilaumu hata kwa neno moja. 

Njia nzima ya kurudi nilijifundisha maneno. Kwenye treni niliyasema. Kwenye lori la kwenda Kibiti niliyasema. Kwenye mtumbwi niliyasema mara arobaini. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, mama, mwanao ametangulia.

Mnajua mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Yeye alisimama nyuma ya mlango, mimi nikakaa barazani nimegeukia uwanja. Mashavu alisimama kati yetu, mikono kifuani.

"Umemwona?" sauti ikauliza.

"Nimemwona, mama."

"Yu mzima?"

Mashavu alikuwa ananitazama. Uso wake ulikuwa tayari umeanza kufurahi, na mimi sikuwa na nguvu ya kuuzima. Nikasema yu mzima. Nikasema anao mke, na mke ana mimba, na watakuja baada ya mavuno.

Nyuma ya mlango nilisikia mwanamke mzima akicheka na kulia pamoja. Kisha akaniombea dua. Aliniombea umri mrefu.

Njia ya mwongo ni fupi, wasema wazee. Yangu ilikuwa na urefu wa miezi minne na siku kumi. Kila asubuhi niliamka nikisema leo nitamwambia, na kila asubuhi nilimkuta anasuka mkeka wa bwana na bibi harusi, mkeka mpana, wenye ukindu wa rangi tatu. Alitenga mpunga wa kwanza wa mavuno. Alikataza watu wasichinje jogoo fulani. Mashavu alianza kuniita mume mwema, jambo ambalo hakuwahi kulitenda tangu nimuoe.

Na marehemu hakusomewa hitima kwao. Hilo ndilo lililokuwa likinila. Mtu amekufa, mama yake hajakaa matanga, dada yake hajajifunga upande wa kanga kichwani. Nilimsomea Yasini peke yangu katika mikoko, nimesimama kwenye matope, nikiogopa mkata boriti mwenzangu asinisikie akaniuliza ninamsomea nani.

Mwezi wa mavuno ukafika. Alasiri moja narudi na shoka begani, nikasikia pale nyumbani vicheko, nikaona watoto wa jirani wamejaa uwanjani. Barazani alikuwa ameketi mtu mfupi, ananawa miguu kwa kata ya maji.

Alikuwa Muhidini. Aliniamkia kwa upole, akaniuliza kama hitima imekwisha kusomwa, kwa sababu watu wa nyumba hii anaona wanacheka sana. Nilimpita. Nikaingia ndani.

Zamda alikaa mkekani, ule mkeka mpya, na tumbo lake kubwa. Eda ya mwenye mimba huisha kwa kujifungua, lakini wazee wake walimruhusu aje kabla, ampe mkono wa tanzia mama wa mumewe, kama ipasavyo. Alikuwa ametarajia kukuta msiba. Badala yake alipokewa kwa vigelegele, akavuliwa kifurushi, akapewa uji wa mpunga mpya. Sasa alishika kikombe kwa mikono miwili hajui akinywe au akiweke.

Aliponiona alielewa yote. Niliona akielewa.

Bi Mwanamkuu, kwa furaha, alikuwa amesahau hata kujifunika mbele yangu. Alimuuliza mkamwanawe Tamimu yuko wapi, amebaki Kibiti au yuko njiani. Zamda akasema yeye ametangulia. Hakusema uongo, na wala hakunifichua. Alikuwa ananingojea mimi. Nami nilisimama na shoka langu nikatazama sakafu.

Mama mkwe akaweka kiganja juu ya tumbo lile. Akasema ni mvulana, mikono yake haikosei. Akauliza wamekusudia kumpa jina la nani.

Zamda alinitazama mara ya mwisho. Nadhani alichoka.

"Tamimu," akasema.

Kwetu mtoto hapewi jina la baba yake, ila baba awe hayupo tena duniani. Hilo hata watoto waliokuwa uwanjani wanalijua.

Kiganja cha mama mkwe kilibaki juu ya tumbo. Hakupiga ukelele. Alisema nami bila kugeuka.

"Mkwe wangu. Alipata sanda?"

"Alipata, mama. Bafta mpya."

"Nani alimwosha?"

"Mimi. Na huyu bwana aliyeko nje."

"Mungu akulipe," akasema. "Umemsitiri mwanangu, ukabeba peke yako siku zote hizi ili mimi nivune mpunga wangu kwa raha. Mungu akulipe, baba."

Mashavu alikuwa ameanza kulia huku amejiziba mdomo kwa kanga. Mama yake akamwambia asubiri kidogo, watalia pamoja, siku za kulia zipo nyingi. Kwanza anataka kujua. Akaniuliza alikufa kwa nini. Nikasema kwa maji.

"Maji?" Sasa aligeuka. "Mwanangu huyu aliogelea kabla hajang'oa jino. Na wewe ulikuwepo, mtu mzima wa Mbwera. Hapakuwa na wa kumwambia avuke mapema?"

Ilikuwa ndiyo nafasi yangu. Hajapata kuwepo mtu aliyefunguliwa mlango mpana kama ule. Mwanamke alikwisha kunishukuru. Angenisikiliza mpaka mwisho. Nilichotakiwa kusema ni maneno matatu tu.

Nikamtazama Mashavu, ambaye siku zile aliniita mume mwema.

"Nilimwambia, mama," nikasema. "Mimi nilitaka tuvuke. Yeye ndiye aliyesema tungoje."

Zamda akaweka kikombe chini. Huko barazani mlio wa maji ya kunawia ukakoma, kisha nikasikia miguu mikavu ya Muhidini ikipanda kizingiti, naye akaingia ndani bila kubisha hodi.